Zita na mgeni asiyepata joto

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Upepo wa Julai unashuka kutoka Mlima Hanang na kupeperusha makapi ya ngano mpaka ndani ya banda. Zita Akonaay amekaa juu ya magunia matupu, amejifunga kitambaa puani, anashona. Sindano yake ni ndefu kama kiganja. Anaichoma kwenye mdomo wa gunia, anavuta uzi wa katani, anakaza, anachoma tena. Mishono kumi na minne, masikio mawili ya kushikia, gunia limefungwa. Mwenzake anamsogezea jingine.

Nje ya banda yamesimama matela matatu yaliyojaa ngano. Kwenye mawili wanawake wamepanda na madebe, wanachota na kumimina kwenye magunia huku wakitaniana. La tatu limesimama peke yake juani. Hakuna aliyepanda. Dereva wake, kijana mrefu aliyejitupia shuka juu ya ovaroli, ameegemea gurudumu la trekta na kutazama viatu vyake.

Zita hamtazami. Kila akimaliza gunia anajigusa kifuani, ambako chini ya sweta amelificha daftari la kurasa arobaini.

Leo mchana anatakiwa kuwasomea wenzake mwisho wa hadithi yake. Mpaka saa hii haujui mwisho huo.

"Niliandika miisho miwili, yote nimeikata," anasema kwa sauti ndogo bila kuinua macho. "Jumatatu yule dereva anaondolewa kwa sababu yangu. Sijui nilikosea wapi. Nilikuwa naandika hadithi ya mapenzi tu. Ya mapenzi na ya kutisha."

Zita ana miaka ishirini na saba. Alizaliwa karibu na Dongobesh, wilayani Mbulu, mtoto wa nne kati ya saba. Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua mgongo na kukosekana mtu wa kukata majani ya ng'ombe. Mwaka 1981 aliteremka Hanang pamoja na wanawake wa kijiji chao kutafuta kibarua cha mavuno kwenye shamba hili la ngano la taifa. Wenzake walirudi, yeye akabaki. Huu ni msimu wake wa sita.

Kibarua analipwa shilingi thelathini na tano kwa siku. Washonaji wawili wakishindwa kufikisha magunia sitini, siku hiyo huandikwa nusu.

Kuandika kulianza na barua. Wanawake wengi wa banda la magunia hawajui kusoma, na wachumba na waume zao wako mbali. Zita aliwaandikia. Mwanzoni aliandika anachoambiwa. Baadaye wakaanza kumwambia, "Ongeza na wewe, unajua maneno." Akaongeza. Barua zikawa ndefu, majibu yakaja haraka, na mwanamke mmoja aliolewa kwa barua ambayo nusu yake hakuitamka yeye.

Siku barua zilipokosekana, walimtaka asome chochote. Akatunga.

"Hadithi ya kwanza ilikuwa ya mapenzi matupu," anakumbuka. "Nilipofika katikati wakalala. Ya pili ilikuwa ya kutisha. Hawakulala, lakini walianza kuzungumza mambo yao, maana hakuna aliyemjali yule anayeliwa. Nikasema, kumbe lazima kwanza wampende mtu. Wamsubiri. Wakishamsubiri sana, ndipo uwaonyeshe kuwa anayekuja si mzima."

Anang'ata uzi.

"Nilikataa habari za kwato. Watu wengi wakisimulia mwanamume wa ajabu, wanasema ukimwangalia miguuni ana kwato. Inatisha, sawa. Lakini nani ataendelea kumpenda mwenye kwato? Akishaonyesha kwato mapenzi yamekwisha, unabaki kukimbia. Mimi nilitaka asikimbie mtu."

Alitaka jambo moja litishe na kupendeza kwa wakati uleule. Hakuona jambo la namna hiyo mpaka Februari mwaka huu, alipofariki Margwe.

Margwe alikuwa dereva wa trekta hapa shambani. Aliugua tumbo siku nne, akafariki, akamwacha mkewe Natalia, ambaye naye alikuwa mshonaji wa magunia. Hawakujaliwa mtoto. Kwa desturi ya Wairaqw, kabila la Margwe, nyumba iliyofiwa namna hiyo hukaa kando. Aliyefiwa haendi kwa watu, na watu hawaendi kwake. Hashikwi mkono. Hapewi moto wala haombwi moto. Ndugu huweka unga kwenye mpaka wa shamba lake, hurudi nyuma, naye hutoka kuchukua. Siku hizi wapo wanaofupisha, hasa wenye kusali. Lakini wazee wa ukoo wa Margwe walisema Natalia atakaa mpaka mavuno, na akakaa.

Nyumba yake iko ukingoni mwa shamba la taifa. Ukisimama mlangoni mwa banda unaona paa lake na moshi.

"Nilikuwa nautazama ule moshi kila siku," anasema Zita. "Nikajiuliza, siku mtu akimtembelea Natalia, atakuwa nani? Mtu aliye hai haendi pale. Akienda, basi anampenda mno mpaka hajali kifo. Au yeye mwenyewe ameshakufa, kwa hiyo hana la kuogopa. Ukimwona kwa mbali huwezi kujua ni yupi. Nikapata hadithi."

Hadithi hiyo ni ya mjane aitwaye Juliana, aliyekaa kando. Kila alasiri anakuja mgeni asiyesema neno, anakaa karibu na moto, anatetemeka. Juliana anaongeza kuni, mgeni hapati joto. Kuni zikiisha, Juliana anachoma kigoda. Kesho yake kigoda kingine. Halafu kinu, halafu kitanda, halafu mlango. Kila anachochoma, anampenda mgeni zaidi, na nyumba inazidi kuwa wazi.

Zita alianza kuisoma Mei, kila Jumamosi saa ya chakula. Hakuna aliyelala. Siku ya kitanda mwanamke mmoja alipiga kelele, "Muache, mama, huyo si mtu!" na mwingine akamjibu, "Kaa kimya, wewe unayelala na mtu mbona humpikii hata chai?"

Tatizo ni kwamba kulikuwa na mgeni kweli.

Gidabuday ndiye kijana mwenye shuka. Ni Mbarabaig, watu wa ng'ombe wa uwanda huu, na ndiye aliyekabidhiwa trekta la Margwe. Tangu Aprili, kila alasiri akirudi shambani, alisimamisha trekta ukingoni na kumpelekea Natalia kibuyu cha maziwa. Hakuna aliyejua. Zita anasema hakujua. Wako wanawake wanaosema lazima alimwona, la sivyo angeandikaje?

"Aprili yeye alianza kwenda. Mei mimi nikaanza kuandika," anasema Zita. "Sikumwona hata siku moja. Nimeshafikiri mpaka kichwa kinaniuma. Sijui kama niliona bila kujua kuwa nimeona."

Wiki mbili zilizopita Kornelia, mwanamke wa miaka karibu sitini na mkubwa wa washonaji wote, alipita karibu na kwa Natalia akichuma mboga za porini. Ilikuwa saa tisa, jua kali. Aliyoyaona huyasimulia akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni.

"Nilimwona amekaa kwenye moto wa msiba. Amejifunika shuka mpaka kichwani. Anatetemeka! Jua lile, mimi jasho linanitoka, yeye anatetemeka. Na Natalia anaongeza kuni. Mboga nilizitupa palepale. Mpaka leo sijarudi kuziokota."

Gidabuday alikuwa na malaria. Siku ileile jioni alilazwa zahanati, akachomwa sindano tatu. Muuguzi anaijua habari hiyo, msimamizi anaijua, na kadi ya zahanati ipo.

Lakini bandani watu walikumbuka jambo jingine. Mwezi Juni trekta la Gidabuday lilipinduka kwenye korongo na kugeuka matairi juu. Yeye alitoka chini yake bila hata mkwaruzo.

"Tulifurahi siku ile," anasema Kornelia. "Tukasema Mungu mkubwa. Sasa tunauliza: aliyetoka kwenye korongo alikuwa nani?"

Kuanzia hapo hakuna mwanamke aliyepanda kwenye tela la Gidabuday. Hawakugoma. Walienda tu kwenye matela mengine, kila mmoja na sababu yake: huyu mguu, huyu kizunguzungu, huyu debe lake limetoboka. Tela likikaa limejaa, mashine ya kuvuna nayo inajaa na kusimama katikati ya ngano, kwa sababu haina pa kumwagia.

Msimamizi wa banda, Severine, aliwaita akawaeleza habari ya malaria. Walimsikiliza kwa adabu. Kesho yake tela likabaki vilevile.

"Mimi nimesomea kusimamia ngano," anasema Severine, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni. "Mizimu sikufundishwa. Meneja ananiuliza mashine imesimama kwa nini, nimwambie nini? Niandike kwenye ripoti kuwa ni sababu ya daftari?"

Alipoandika, aliandika kwamba dereva haelewani na vibarua. Jibu la meneja lilikuwa fupi. Kama mpaka Jumatatu tela la Gidabuday halipakuliwi, atahamishiwa shamba jingine, ng'ambo ya uwanda, mwendo wa siku nzima kwa gari. Atakuja dereva mwingine.

Zita aliposikia, alisimama mbele ya wenzake, jambo ambalo halipendi, akawaambia hadithi ile ni ya kutunga. Hakuna mgeni. Hakuna Juliana. Yote ni uongo wake.

Kornelia alimtazama kwa huruma.

"Kama ni uongo, mwanangu, mbona tulilia?"

Zita alirudi kwenye gunia lake.

Severine alimpa ushauri wake. "Andika mstari mmoja tu. Yule mgeni alikuwa na homa. Alimeza vidonge, akapona, wakaoana. Mbona rahisi?"

Alijaribu. Ukurasa wa thelathini na mbili wa daftari una mwisho huo, umekatwa kwa mistari miwili. "Niliusoma peke yangu nikacheka," anasema. "Wao wangecheka zaidi. Halafu wangesema nimelipwa na msimamizi. Mtu ameunguza mlango wake, halafu unamwambia ni vidonge?"

Mwisho wa pili ulimfanya Juliana afe na kuondoka na mgeni, wameshikana mikono. Ulikuwa mzuri. Zita anakiri kuwa aliupenda kuliko wa kwanza, na aliuandika bila kusimama. "Ndipo nikaona nimemmaliza Gidabuday, na Natalia pamoja naye. Nani angempokea Natalia akitoka? Nikaukata. Nilisikia uchungu kuukata."

Juliana akabaki na shoka mkononi mbele ya nguzo ya katikati ya nyumba, kwa sababu hicho ndicho pekee kilichobaki cha kuchoma. Kalamu ya Zita ikakaa pale siku sita.

Ijumaa alasiri, baada ya kazi, alienda kwa Natalia. Hakuvuka mpaka. Alisimama kwenye mstari wa mawe, Natalia akatoka na kusimama mbele ya mlango wake, na kati yao palikuwa na nafasi ya kutosha kugeuza trekta. Ilibidi wapaze sauti. Zita, ambaye hata kuomba maji huona haya, alilazimika kupiga kelele mambo ya mapenzi ya mtu mwingine.

"Dada Natalia! Unajua wanavyosema?"

"Najua! Ameniambia mwenyewe. Anaogopa kwenda bandani kuliko mimi ninavyoogopa usiku!"

"Naomba unisamehe!"

"Kwa lipi? Wewe ndiye uliyemtuma?"

Natalia ana miaka thelathini. Anaongea haraka na hucheka pasipo na cha kuchekesha. Alimweleza Zita, kwa sauti ile ya kuita mbuzi, jinsi ilivyoanza. Siku ya kwanza alikuta kibuyu kwenye mawe. Hakumwona aliyekiweka. Siku ya pili kibuyu kilikuwa upande wa ndani wa mawe. Siku ya tatu kilikuwa katikati ya uwanja.

"Niliogopa kweli, Zita! Nilijua ni Margwe. Nani mwingine angeweza kuvuka? Nilikaa ndani natetemeka. Halafu nikasema, kama ni Margwe, basi na akae. Nikaacha mlango wazi."

"Akaingia nani?"

"Akaingia huyu! Kichwa kikagonga mlango, maana ni mrefu, akamwaga maziwa. Nilicheka mpaka nikalia. Tangu mazishi sikuwa nimecheka."

Zita alimuuliza amalizeje hadithi.

"Usinionee huruma kwenye daftari lako," Natalia alijibu. "Margwe nilimzika mimi, namjua aliyekufa. Wewe mmalize mgeni wako vizuri. Huyu mwingine niachie mimi. Jumapili wananitoa."

Zita anasema alirudi akitembea kama aliyelewa. Mpaka dakika ile hakuwa amejua mgeni wa hadithi yake ni nani. Aliandika miezi miwili habari za mwanamume ambaye hata jina lake yeye Zita hakulijua. Lakini bado hakuandika kitu. Jumamosi asubuhi alikuja kazini na ukurasa mtupu, na huo ndio aliokuwa akiugusa chini ya sweta.

Saa saba mchana kengele inagongwa. Wanawake wanaketi juu ya magunia matupu, makande kwenye mabakuli, wengine wamekuja hata kutoka jikoni. Wako kama arobaini. Severine amesimama mlangoni akijifanya anahesabu sindano. Nje, trekta la Gidabuday limezimwa.

"Haya, Zita," anasema Kornelia. "Shoka tuliliacha mkononi."

Zita anafungua daftari. Mstari ulioandikwa wa mwisho ni ule wa shoka. Yanayofuata anayasema huku macho yakiwa kwenye karatasi tupu, kidole kikitembea kana kwamba anasoma. Aliyaandika baadaye, jinsi alivyoyakumbuka:

"Juliana alitazama shoka, akatazama nguzo. Mgeni alikuwa bado anatetemeka. Akaweka shoka chini. Akakaa karibu naye kuliko siku zote, mpaka baridi yake ikamwingia mifupani. Akasema, Mume wangu, nilikujua tangu siku ya kwanza. Niliogopa ulipokuja, lakini niliogopa zaidi kwamba utaondoka, ndiyo maana nimechoma nyumba yote. Hii nguzo siwezi. Mimi bado ninaishi humu. Mgeni akainuka. Kwenye uwazi wa mlango aligeuka, na Juliana akaona uso wake kwa mara ya kwanza, nao ulikuwa umechoka. Alitaka kumwita. Akaziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili, mpaka hatua zikaisha."

Mwanamke mmoja analia na mwingine amemshika mkono kwa nguvu, kucha zimemwingia. Zita anafunga daftari haraka na kuliweka kifuani.

"Kwa hiyo alikuwa amekufa," anasema Kornelia.

"Ndiyo, mama. Alikuwa amekufa."

"Na alikuwa mume wake."

"Mume wake."

Kornelia anafikiri, kijiko hewani. "Sasa kama mgeni ni mume, basi si Gidabuday. Margwe alikuwa mfupi."

"Mama, Gidabuday hayumo humu," anasema Zita, karibu kulia. "Humu hayumo kabisa."

"Kwenye korongo je?" anauliza mwanamke wa jikoni.

Mabishano yanaanza. Kuna wanaosema marehemu anaweza kuazima urefu. Mmoja anasema amemwona Gidabuday akila ugali wa watu wawili, na mfu hali ugali. Mwingine anamjibu kuwa mfu angekula vizuri zaidi, ana njaa ya siku nyingi. Wanacheka, lakini kengele ya saa nane inapogongwa wanarudi kwenye matela mawili. La tatu linabaki.

Zita anaokota sindano yake. Uzi hauingii tunduni. "Nilifikiri mwisho ukiwa wa kweli, mambo yatakwisha," anasema. "Wamelia na wamependa na wameogopa, yote niliyotaka. Na hakuna kilichobadilika."

Jumapili, ndugu wa Margwe walienda kwa Natalia. Walimnyoa nywele, wakafagia majivu ya zamani na kuwasha moto mpya. Alipita kanisani kwenye Misa ya pili, akakaa benchi la nyuma. Waliokuwapo wanasema watu walimpa amani kwa kichwa, si kwa mkono. Hawajazoea bado.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuja bandani na debe lake. Kichwa kiking'aa, sweta la marehemu mumewe begani. Aliamkia wakubwa mmoja mmoja, "Shikamoo," nao wakaitikia, wengine kwa kigugumizi. Hakwenda mahali pake pa zamani. Alipita matela mawili, akafika la tatu, akamkabidhi Gidabuday sweta amshikie, akapanda.

Ngano ilimfika magotini. Akachota debe la kwanza, akatazama chini. Hakukuwa na mtu wa kushika gunia.

"Nimwage chini?" aliuliza kwa sauti. "Ni mali ya taifa hii!"

Severine alitazama kutoka mlangoni. Mfukoni alikuwa na karatasi ya kumpelekea meneja, tayari imeandikwa kuwa tela bado halipakuliwi.

Zita ndiye aliyetoka wa kwanza. Hakumbuki aliamua saa ngapi. Anakumbuka kuwa alisahau kuchomoa sindano, akaburuta gunia alilokuwa akishona mpaka nje. Alipanda kwenye tela na kuanza kuchota pembeni mwa Natalia. Sasa walikuwa wawili juu na hapakuwa na mtu chini.

Kornelia alikuja akitembea polepole. Alisimama mbali kidogo na Gidabuday, akamwangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Mimi sipandi," alisema. "Mnisikie wote. Sipandi. Lakini gunia nitashika."

Akalifungua gunia kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, na Natalia akamimina.

Baada yake walikuja watatu, halafu mmoja. Siku ile tela la Gidabuday lilipakuliwa mara mbili, wakati mengine yalipakuliwa mara tano. Severine aliichana karatasi na kuandika nyingine: dereva na vibarua wanaelewana, kasi itaongezeka. Meneja amekubali kumwacha mpaka mwisho wa mavuno. Baada ya hapo hakuna anayejua.

Kama ni hadithi iliyosaidia, au ni Natalia kupanda, au ni ngano iliyokuwa karibu kumwagika, Zita hawezi kusema. Aliwauliza wale watatu waliofuata. Mmoja alisema alimwonea Juliana huruma. Wa pili alisema alimwonea Zita huruma. Wa tatu alisema bado anaogopa, lakini alitaka kuona karibu.

Yako mengine yasiyoeleweka. Wazazi wa Natalia ni wakulima wa Endasak, na hawajasema lolote juu ya Mbarabaig. Wazee wa Gidabuday nao wana neno lao. Na kati ya wenyewe wawili hakuna aliyetamka kitu.

Gidabuday, akiulizwa, anakuna shingo. "Margwe ndiye aliyenifundisha kuendesha. Kwetu nasi tuna miiko ya msiba, tena mikali. Lakini huyu mama alikuwa peke yake, nami nina ng'ombe wa maziwa. Nilipeleka maziwa tu. Habari ya kupenda niliisikia kwenye daftari. Nilikuwa nje nasikiliza, injini nimezima. Wakasema anayekwenda namna ile anapenda. Nikakaa, nikafikiri. Nikaona, ah."

Hajui kusoma. Jumanne, saa ya chakula, alimfuata Zita bandani, akasimama mlangoni kwa heshima, akamuuliza jambo lililokuwa likimsumbua. Alitaka kujua yule mgeni alimwambia Juliana maneno gani, kwa sababu sehemu nyingine upepo ulizichukua na hakuzisikia.

"Hakusema kitu," Zita alimjibu. "Tangu mwanzo mpaka mwisho hasemi."

"Hata neno moja?"

"Hata moja. Nilifikiri akisema, watu wataacha kumwogopa."

Gidabuday alipigapiga shuka lake kutoa makapi.

"Basi mimi itabidi niseme," alisema, akaondoka.

Zita amenunua daftari jingine, safari hii la kurasa themanini. Anataka aandike habari za mwanamume mzima, mwenye joto, asiye na ajabu yoyote, ambaye amesimama mbele ya mlango na hajui aanzeje. Anasema hajawahi kuandika jambo la kutisha kama hilo, na hajui kama litakubali. Mavuno yana wiki tatu zaidi.

"Namwangalia kila jioni akirudi," anasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Trekta analisimamisha palepale ukingoni. Anashuka. Jana alifika mpaka mlangoni, akagonga kichwa tena. Nasubiri aseme, nami nijue."